Cheron Haikuwa na Nakivale



Nataka tuzungumze juu ya kipindi kimoja cha televisheni. Kilirushwa Marekani na shirika la NBC tarehe 10 Januari 1969, katika msimu wa tatu na wa mwisho wa mfululizo wa kwanza wa Star Trek. Jina lake ni Let That Be Your Last Battlefield, kana kwamba mtu anawaambia wagomvi wawili: haya, huo na uwe uwanja wenu wa mwisho wa vita. Wanaokikumbuka hukikumbuka kwa nyuso. Kuna watu wawili ambao upande mmoja wa uso ni mweusi tii na upande wa pili mweupe pe. Husema ni fundisho juu ya ubaguzi wa rangi, na wakishasema hivyo wamemaliza.

Mimi naona jambo la kwanza katika kipindi hiki ni hifadhi. Ni kisa cha mtu anayekimbia, cha mtu anayemfuata, na cha mwenye nyumba ambaye wote wawili wanamgongea mlango. Mahali pa kukitazamia na kukielewa hadi mwisho, kwa maoni yangu, ni Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi.

Kwa wale ambao hawajakiona, mambo yalikuwa hivi. Chombo cha anga kiitwacho Enterprise, chini ya Nahodha Kirk, kiko njiani kwenda sayari ya Ariannus, ambako vijidudu vinatishia maisha ya watu na hewa yote inahitaji kunyunyiziwa dawa. Kabla ya kufika wanakikuta chombo kidogo kilichoibwa kwenye kituo chao namba 4. Ndani yumo mtu mahututi, nusu mweusi nusu mweupe. Daktari McCoy anamtibu. Mtu huyo anaitwa Lokai, kutoka sayari ya Cheron. Hajapata nguvu vizuri, mara anatokea mwingine wa kwao aliyekuja kwa chombo kisichoonekana kwa macho. Huyu ni Bele. Anasema yeye ni ofisa mkuu wa tume inayoshughulika na wahaini wa kisiasa, na kwamba amemsaka Lokai kwa miaka 50,000. Anamtaka mtu wake, leo hii.

Wanapokutana, kila mmoja anamwagia mwenziwe yaliyo moyoni. Lokai anasema watu wa Bele waliwavamia majumbani, wakawatenga na jamaa zao, wakawauza. Bele anajibu kwamba walikuwa washenzi, na kwamba watu wake waliwachukua, wakawalea na kuwasomesha. Lokai anamwambia kwamba elimu yenyewe ilikuwa ya kuwatosha kutumikia mabwana. Bele anamkumbusha kwamba utumwa ulikwisha zamani. Mwenye masikio ameshayasikia mabishano haya mahali pengine, kwa majina mengine.

Kirk hamkumbatii Lokai, wala hamkabidhi kwa Bele. Anasema kwa sauti ya mtu wa ofisi kwamba Lokai alichukua chombo kisicho chake na atalijibu shtaka hilo kwenye kituo namba 4. Cheron, anaeleza, haina mkataba na Shirikisho lao wa kukabidhiana watuhumiwa, na Bele akiwa na madai yake ayapeleke hukohuko kituoni, mbele ya wenye mamlaka. Ujumbe unapelekwa kwa wakubwa, na jibu linarudi lilelile: bila ushahidi na bila kusikilizwa, hatolewi mtu. Watazamaji wengi huipita sehemu hii haraka wafike kwenye moto na mbio. Kwangu hapo ndipo palipo na uzito wa kisa chote. Kirk anakataa kwamba nguvu ya mwindaji ni ushahidi. Anakataa pia kwamba uchungu wa anayewindwa unamaliza maswali. Anawapa wote wawili malazi na ahadi moja, kwamba kuna chumba ambacho mtasikilizwa ndani yake, na ninyi si mahakimu wa chumba hicho.

Miezi minane baadaye, tarehe 10 Septemba 1969, wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walitia saini mjini Addis Ababa mkataba wao kuhusu matatizo ya wakimbizi barani mwetu. Mambo hayo mawili hayakujuana. Waandishi wa kipindi, Oliver Crawford aliyeandika mchezo na Gene Coon aliyetoa kisa kwa jina la kalamu la Lee Cronin, walikuwa na Marekani yao akilini. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili 1968, na miji mingi ilikuwa imewaka moto. Marais wetu nao walikuwa na Wanyarwanda, Wasudani, Wakongo na watu waliokuwa wakivuka mipaka kutoka makoloni ya Wareno. Lakini swali lililokuwa mezani lilikuwa lilelile la Kirk: nikimpokea huyu, je, nimejifanya adui wa yule?

Addis Ababa ilijibu waziwazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 ulikuwa umekwisha kukataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini. Mkataba wa Afrika ukaongeza kwamba kutoa hifadhi ni tendo la amani na la utu, na nchi yoyote mwanachama isilihesabu kuwa ni uadui. Ukapanua pia mlango: anayekimbia uvamizi wa kigeni, au machafuko makubwa yaliyovuruga nchi yake au sehemu yake, naye ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemtaja kwa jina. Ndiyo maana mama wa Kikongo aliyevuka mpaka wa Bunagana na watoto watatu mgongoni na mikononi haulizwi ni nani hasa aliyekuwa akimtafuta.

Mkataba huohuo una upande wa pili, na haifai kuuficha. Unamnyima hifadhi aliyetenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Unamtaka mkimbizi aheshimu sheria za alikopokelewa, na unazikataza nchi kuwaacha wakimbizi wazishambulie nchi walizotoka. Kwa hiyo madai ya Bele si ya kutupwa jalalani. Huenda Lokai kweli ana damu mikononi. Na tunamwona Lokai, amepata nafuu juzi tu, akiwachochea mabaharia wa Enterprise wamuue Bele. Sheria ya hifadhi haikutungwa na watu wasiojua kwamba mkimbizi anaweza kuwa mtu mgumu. Ilitungwa na watu waliojua hivyo, na bado wakasema asikilizwe kwanza.

Sasa turudi kwenye zile nyuso. Katikati ya kipindi, Kirk na ofisa wake Spock wanamwambia Bele kwamba wao wanamwona Lokai kuwa ni mtu wa aina yake. Bele anashangaa, kana kwamba ametukanwa. Hawaoni? Yeye ni mweusi upande wa kulia. Lokai ni mweupe upande wa kulia, na watu wote wa Lokai ni weupe upande wa kulia. Sehemu hii ndiyo iliyokifanya kipindi kijulikane. Mimi niliitazama Base Camp, kule Nakivale, pamoja na majirani, kwenye kompyuta ya kupakata, nikitafsiri kwa sauti kama wanavyofanya watafsiri wa filamu kwenye vibanda vya video. Nilidhani watu wangecheka. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyetoka ng'ambo ya mto Kagera alisema tu, "Hawa angalau wanaonekana."

Nimelifikiri sana neno la mzee yule. Mtunga kisa alihitaji rangi ili mtazamaji aone upuuzi mara moja, na mwongozaji Jud Taylor akawapaka waigizaji wake, Frank Gorshin na Lou Antonio, mstari ulionyooka kutoka paji la uso hadi kidevuni. Kwetu mstari haukuwa usoni. Wabelgiji walipowaandikisha watu wa Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1930, walimpa kila mtu kadi iliyomtaja kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Watu hao walikuwa na lugha moja na vilima vilevile, na walikuwa wakioana. Kadi ile haikufa pamoja na ukoloni. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ndiyo iliyodaiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Kama uso ungetosha, nani angedai kadi? Ilibidi serikali iandike kwenye karatasi kile ambacho jicho halikuweza kukisoma kwa hakika, ndipo mwenye panga ajue pa kupiga. Wenzangu wa Kivu nao wanajua kazi ya karatasi. Sheria ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku zile, ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1960, na sheria ya 1981 ikawanyang'anya. Watu walilala raia wakaamka wageni, mashamba yakiwa palepale.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema chuki ya Cheron ni kichaa kisichoelezeka. Kipindi chenyewe kinatuonyesha tume, ofisa mkuu na kosa la uhaini lenye jina lake. Chuki hiyo ina mihuri. Mtu mmoja hawezi kumfuata mwenziwe miaka 50,000 kwa hasira peke yake, hasira huchoka. Anayeendelea kufuata ni mwenye cheo, na cheo cha Bele kinaishi maadamu Lokai yuko hai na hajakamatwa.

Mnaposikia kwamba Nakivale ni makazi ya zamani kuliko yote ya wakimbizi nchini Uganda, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, mnajua waliofika mwanzo walikuwa nani. Walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda katika ghasia zilizolipuka Novemba 1959 na zilizofuata. Walilishwa na ardhi ile kando ya ziwa, wakazaa, wakazika. Watoto wa wakimbizi wa kizazi kile, wa Nakivale na makazi mengine, ndio walioingia Rwanda na jeshi la waasi la RPF tarehe 1 Oktoba 1990. Baada ya 1994 wengi wa wazee wao walirudi kwao. Na nyuma yao, katika makazi yaleyale, wakaja Wahutu waliokuwa wakiikimbia Rwanda mpya. Sisemi kwamba historia za makundi hayo ni sawa. Mauaji ya kimbari hayana mizani ya kuyasawazisha na jambo jingine. Nasema ardhi ni ileile. Ilimpokea mweupe wa kulia, halafu ikampokea mweupe wa kushoto, na haikubadili jina.

Leo Nakivale ina watu zaidi ya 150,000 katika kanda zake za Base Camp, Rubondo na Juru. Wengi ni Wakongo, na kuna Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Ukisimama kwenye foleni ya maji utakuta waliokimbizana huko walikotoka wakiwa wamepanga madumu yao kwa zamu. Hawapendani wote. Wapo wasiosalimiana. Ninao majirani ambao kila mmoja anajua kijiji alichotoka mwenziwe na kilichotokea huko, nao wanaazimana jembe bila kulitaja. Tunaoana, tunashtakiana kwa wenyeviti wa vijiji kuhusu mbuzi walioingia shambani, tunaswali na kusali karibu karibu. Mgao wa chakula umepunguzwa mara nyingi, na njaa ipo, nayo huongeza ukali wa maneno. Pamoja na hayo, mtu aliyewindwa anaamka asubuhi akiwa hai, ana kiwanja alichoonyeshwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na mtoto wake anakwenda shule. Cheron haikuwa na mahali kama hapo. Ilikuwa na watu wa kulia na watu wa kushoto, na hakukuwa na shamba hata moja la mtu wa tatu.

Lakini mtu wa tatu naye si malaika, na hapa lazima niseme mambo mawili ya huku kwetu, kwa sababu tuko Mbarara.

La kwanza ni la Oktoba 1982. Isingiro, ilipo Nakivale leo, haikuwa wilaya bado. Ilijitenga mwaka 2005, na wakati ule Nakivale ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbarara. Katika wilaya hii vijana wa chama tawala na watu wenye silaha waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda majumbani mwao. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Miongoni mwao walikuwemo raia wa Uganda, waliozaliwa hapa na waliooa hapa. Makumi ya maelfu walivuka mpaka wa Rwanda au walisukumwa ndani ya makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Fikirini maana yake: mwenyeji alifanywa mkimbizi katika wilaya yake mwenyewe, akaenda kujificha kwa wakimbizi. Wapo hapa wazee wa Kinyankole waliowaficha majirani siku zile, na wapo wanaokumbuka ng'ombe walikwenda wapi. Enterprise inaweza kugeuka Cheron kwa muda mfupi sana, bila mtu yeyote kutoka nje kuja kuiteka.

La pili ni la Julai 2010. Wanyarwanda zaidi ya 1,700 walichukuliwa kwa nguvu kutoka makazi ya Nakivale na Kyaka II, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa Rwanda. Serikali ilisema ni watu ambao maombi yao ya hifadhi yalikuwa yamekataliwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilipinga hadharani, likasema miongoni mwao walikuwemo watu waliokwisha kutambuliwa kuwa wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, ambayo husifiwa duniani kote, na kwa haki, ilikuwa tayari inatumika siku hiyo. Nalisema hili kwa heshima kwa nchi iliyonipa mahali pa kulala. Uganda imepokea wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na neno zuri juu yake ni la kweli. Ila Bele alipoteka usukani wa Enterprise kwa nguvu za akili yake, Kirk alikuwa tayari kulipua chombo chote pamoja na roho zake zote kuliko kukubali kipelekwe Cheron na abiria asiyesikilizwa. Sitaki mtu yeyote alipue kitu. Nataka tuone kwamba hata katika hadithi ya kubuni, aliyeandika aliona kuwa kumkabidhi mtu kabla ya kumsikiliza ni jambo zito kiasi hicho.

Bele alirudi nyuma zikiwa zimebaki sekunde chache. Enterprise ikafika Ariannus, ikanyunyizia dawa, kazi ikaisha. Ndipo Bele akaunguza mitambo ile ya kujilipua, akauteka usukani tena, na safari hii hakukuwa na wa kumzuia. Walipofika Cheron, Spock alitazama vyombo vyake. Miji ilikuwapo, majani yakiota juu yake. Maiti hazikuzikwa. Hakuna mtu aliyebaki, wa kulia wala wa kushoto. Kirk akawasihi waache chuki, wakae nao. Wakafukuzana kwenye vyumba vya chombo, picha za miji inayoungua zikipita juu ya nyuso zao, kisha wakashuka wote wawili kwenye sayari yao iliyokufa kuendelea na vita.

Hapo kipindi kinakosea, na nasema hivi nikikipenda. Kinatufanya tuamini kwamba kosa la Lokai na kosa la Bele ni moja, yaani kuchukia. Mmoja watu wake walikuwa watumwa, na mwingine ni ofisa wa serikali iliyowatumikisha, lakini mwishoni wanawekwa kwenye mizani moja na Kirk anawahubiria kwa pumzi moja. Ni rahisi kumwambia mtu aache chuki wakati hujasikia kisa chake hadi mwisho. Na kisa cha Lokai hatukusikia hadi mwisho. Ule usikilizwaji wa kituo namba 4 haukufanyika. Kwangu hili ni msiba wa pili wa kipindi, na watunzi hawakuuona: baada ya Bele kuteka chombo, wote, pamoja na Kirk, wanasahau kwamba kulikuwa na maswali yenye majibu. Nani alimuuza nani? Nani aliua, wapi, kwa amri ya nani? Chuki ikishapewa jina la ugonjwa wa watu wote, hakuna anayeulizwa chochote.

Liko tukio dogo linaloonyesha kwamba watunzi walikuwa karibu kuliona hilo. Lokai anaongea na mabaharia katika chumba chao cha mapumziko. Mmoja wao, Chekov, anasema aliwahi kusoma shuleni kwamba duniani kulikuwa na mateso ya aina hiyo. Mwenzake Sulu anaongeza kwamba ilikuwa zamani, karne ya 20, siku hizi hakuna mwenye mawazo ya kale namna hiyo. Ni vijana wema. Lokai anawauliza atafanyaje ili miili yao ijue inavyokuwa kuwaona watu wako wakidharauliwa na kuuawa kwa sababu tu wamefanana na wewe. Hawana jibu.

Kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha usaili wa hifadhi anaijua hali ile. Mbele yako yuko ofisa mwenye adabu, hana kinyongo nawe, na anataka umweleze tofauti kati yako na jirani yako aliyechoma nyumba. Unaeleza. Unasikia mwenyewe jinsi maneno yanavyokuwa madogo: ukoo, kilima, lafudhi, jina la babu. Kwako ni kifo. Mezani pale ni mstari kwenye fomu. Upofu wa mgeni ndio unaokuokoa, maana yeye hana upande. Upofu huohuo unakuumiza, maana haoni kwa nini ulikimbia. Kirk na Spock hawakuweza kuona tofauti ya kulia na kushoto, na watazamaji wakawapongeza. Mimi ningewapongeza zaidi kama wangeketi na kuuliza tofauti ile ilimfanya nani kuwa nini.

Aliyeuliza swali la maana mwishoni ni Uhura, mwenye kazi ya mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake lilitokana na neno letu uhuru. Nichols aliwahi kutaka kuuacha mfululizo ule, na Martin Luther King mwenyewe akamwomba abaki, kwa sababu watoto weusi walihitaji kumwona pale. Katika dakika za mwisho ni yeye anayeuliza kama chuki ndiyo kitu pekee walichokuwa nacho watu hawa maisha yao yote. Kirk anamjibu kwamba sivyo, ila ndicho kilichobaki kwao. Jibu zuri la nahodha aliyechoka. Uhura alistahili jibu refu zaidi: walikuwa na nini kabla? Nyimbo gani, vyakula gani, wajomba gani? Miaka 50,000 ni mirefu. Hakuna aliyemuuliza Lokai alipokuwa bado amelala kitandani kwa McCoy.

Baada ya kukitazama kipindi hiki, vijana kadhaa wa makazini walianza kuandika mwisho wao wenyewe. Katika andiko lao chombo hakiendi Cheron. Kinafika kituo namba 4, na shauri linasikilizwa. Wamekubaliana mambo mengi kwa haraka iliyonishangaza. Lokai ataanza na kosa la chombo alichokiiba, amalize hilo kwanza, ili asionekane mwongo katika mengine. Bele ataapishwa kama shahidi mwingine yeyote, cheo chake kikibaki nje ya mlango. Mashtaka ya mauaji yatasomwa moja moja, yenye mahali na tarehe, na yasiyo na mahali wala tarehe yatafutwa. Wameandika hata mapumziko ya chakula.

Wamekwama kwenye mkalimani. Enterprise ina mtambo unaotafsiri lugha zote, na waandishi wa Marekani hawakuwahi kuwaza kwamba hapo pana shida. Vijana wetu wameukataa mtambo huo, kwa sababu wanajua usaili unavyoweza kuharibika pale mkalimani anapotoka upande wa pili, au anapotoka upande wako lakini anamwogopa mtu. Kundi moja linasema aletwe mgeni kabisa, asiye wa kulia wala wa kushoto. Kundi jingine linasema mgeni hatajua uzito wa neno la Cheron, atatafsiri sauti tu. Afadhali wakae wakalimani wawili, mmoja wa kila upande, kila mmoja akiwa na ruhusa ya kumsahihisha mwenziwe papo hapo mbele ya hakimu. Wameniuliza niamue. Nimewaambia mimi niko na kundi la pili, ingawa shauri litachukua siku nyingi na wakalimani watagombana, kwa sababu hapo kwa mara ya kwanza mtu wa kulia na mtu wa kushoto watalazimika kukubaliana juu ya sentensi moja kabla haijaandikwa.